Sebule iliyoinuka: sakafu ya marumaru iliyong'oka, na jinsi mwenye nyumba alivyoiweka upya kwa mikono yake

Nyumba ni ya chini, ina vyumba vitatu, iko Kigamboni. Sebule ina mita 4.3 kwa 5.4, na kwenye ukuta mfupi wa magharibi kuna mlango mpana wa kioo unaoingiza jua la alasiri moja kwa moja sakafuni. Sakafu ilitandikwa marumaru za poseleni za sentimita 60 kwa 60, zikabanwa moja kwa nyingine bila nafasi, na kandokando zikagotana na lipu ya ukuta. Mwaka wa pili, alasiri moja ya jua kali, mlio mkubwa ulisikika ndani. Safu mbili za katikati zilikuwa zimeachia, zimeinuka na kuegemeana, kilele chake sentimita 3 juu ya sakafu.

Fundi aliyeitwa alipendekeza kubadilisha hizo safu mbili tu. Mwenye nyumba, mama ambaye hakuwahi kushika mwiko, alikataa mpaka aelewe kwanza kilichotokea, na alipoelewa akaamua kazi ataifanya mwenyewe.

Marumaru zenyewe hazikuwa na tatizo: hazikupauka wala kukwaruzika. Kosa lote lilikuwa chini yake na pembeni yake, mahali ambapo ukishahamia huoni. Ndiyo maana tunaamini mwenye nyumba anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko anavyodhani. Wepesi wa mkono unatakiwa, lakini kinachotakiwa zaidi ni muda wa kukagua. Anayelipwa kwa mita ya mraba ni nadra kuwa na nafasi ya kuinyanyua marumaru aliyokwisha kuibandika ili autazame mgongo wake. Mwenye nyumba anayo.

Ushahidi uko mgongoni

Kabla ya kutupa hata kipande kimoja, marumaru zilizong'oka zilipinduliwa na kupangwa uani. Mshiko unaweza kuachia sehemu tatu: kati ya marumaru na saruji, ndani ya saruji yenyewe, au kati ya saruji na sakafu ya chini. Kila sehemu ina sababu zake, na ukijua ni ipi iliyoachia unajua pia cha kurekebisha.

Hapa marumaru nyingi zilitoka safi, mgongo unang'aa, na mistari yake ya kiwandani imebaki imechapwa kwenye saruji iliyobaki chini. Maana yake saruji iligusa, ikachukua umbo, lakini haikushika. Hiyo ndiyo tabia ya poseleni. Marumaru ya seramiki ya ukutani hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo uji wa saruji huvutwa ndani ya vitundu vyake na kugandia humo. Poseleni, ambayo katika kiwango cha ISO 13006 ni kundi BIa, haizidi asilimia 0.5. Saruji tupu haina pa kuingia. Inahitaji gundi yenye polima, inayoshika uso bila kutegemea vitundu. Boksi liwe limetoka Uchina, India au viwanda vya Chalinze na Mkuranga, tafuta hiyo alama ya kundi au kiwango cha unywaji wa maji kabla hujaamua ubandike kwa kitu gani. Boksi likiwa kimya, dondosha maji kidogo kwenye mgongo wa marumaru moja: yakibaki yamesimama kwa dakika kadhaa bila kuacha doa jeusi, ichukulie kuwa ni poseleni.

Mgongoni palikuwa pia na ungaunga mweupe. Viwandani hupaka poda hiyo ili marumaru zisigandane na roli za tanuri, na nyingine hubaki. Ukipitisha kidole kinatoka cheupe. Gundi ikipakwa juu yake inashika poda, na poda haijashika kitu. Dawa yake ni sponji yenye unyevu, marumaru moja baada ya nyingine, siku moja kabla ya kubandika. Kazi ndogo namna hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote.

Zile za kandokando ya ukuta ziliwekwa kwa vidonge vitano vya saruji, pembe nne na katikati. Kati ya kidonge na kidonge ni hewa tupu, na ukizigonga kwa mpini wa bisibisi zilikuwa zinalia kama debe. Marumaru ya namna hiyo hukaa vizuri mpaka mguu wa kabati utue mahali pasipo na kidonge.

Upande wa jikoni hali ilikuwa nyingine. Huko saruji ilitoka pamoja na marumaru, ikabandua na ngozi nyembamba ya kijivu kutoka sakafuni. Ile ni niru. Nyumba ilipoisha ilipigwa niru safi, laini, inayoteleza, kwa sababu pesa ya marumaru ilikuwa bado. Niru ni unga wa saruji uliosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka vitundu vyote vikazibika. Kwa kufagia na kupiga deki ni nzuri mno. Kwa kubandikia ni mbaya, kwa sababu ni laini na imetenganishwa na zege la chini kwa nyufa ndogondogo zisizoonekana. Kitu kikivutwa juu yake, yenyewe ndiyo inayobanduka.

Milimita chache zinazoinua sakafu

Mshiko dhaifu peke yake ungeleta marumaru zinazolia utupu tu. Kilichoziinua ni kukosa pa kutanukia.

Sakafu ya saruji na mchanga husinyaa inapokauka, na nusu milimita kwa kila mita ni kadirio la kawaida. Sebule hii ilimwagwa sakafu, ikatandikwa marumaru wiki chache baadaye, ikaendelea kusinyaa chini ya marumaru zisizosinyaa. Kwa mita 5.4 hizo ni milimita 2.7. Upande wa jua, marumaru hutanuka kama milimita 0.007 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Sakafu ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 50, urefu wote wa chumba unaongezeka karibu milimita 1. Jumla ni kama milimita 3.7 zinazotafuta pa kwenda, na kila upande kuna lipu.

Milimita hizo zinaonekana ndogo mpaka ufanye hesabu ya pembetatu. Marumaru mbili za sentimita 60 zikiegemeana, zikabanwa milimita 1.5 tu kwa jumla, kilele chake kinainuka sentimita 3. Ndicho kipimo kilichokutwa sebuleni. Kwa hiyo hapakuwa na maji chini, wala msingi haukuhama, ingawa majirani walisema hivyo. Sehemu ya msukumo ilipata njia kwenye zile safu mbili, iliyobaki ilikuwa bado imejibana kwenye safu nyingine.

Hilo ndilo lililoamua suala la kukarabati kidogo au kung'oa zote. Zilipogongwa moja moja na kuwekewa alama ya chaki, theluthi mbili zililia utupu. Hata zilizoshika zilikuwa kichwa kwa kichwa, bila nafasi. Kubadilisha safu mbili kungetuliza pale katikati na kupeleka msukumo kwingine. Zikang'olewa zote, kwa tindo na nyundo, tindo ikilazwa na si kusimamishwa, miwani machoni na viatu vigumu miguuni. Vipande vya poseleni hukata kama kioo, na glavu za kitambaa hazitoshi.

Sakafu ya chini ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo muda mwingi ulikwenda, na hapa ndipo tunamsihi kila anayejifunza asiharakishe.

Niru iliondolewa yote kwa grainda yenye kikombe cha almasi. Vumbi lake lina silika, linaharibu mapafu kimyakimya, kwa hiyo barakoa iwe ya kichujio cha kweli, aina ya P2 au N95, milango ifunguliwe na watoto wakae mbali. Asiye na grainda anaweza kuidonoa sakafu kwa tindo, madonoa ya karibukaribu, sentimita 3 hadi 5 kati yake. Kazi inachosha lakini inafaa. Kipimo cha kumaliza ni maji: nyunyiza matone sehemu mbalimbali, yakinywewa ndani ya dakika moja au mbili sakafu iko tayari, yakibaki yamejikusanya, niru au mafuta bado yapo.

Unyevu ulipimwa kwa kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, kimebandikwa kingo zote kwa selotepu na kuachwa usiku kucha, saa 16 au zaidi. Asubuhi hakikuwa na matone upande wa chini wala sakafu haikugeuka nyeusi. Matone yangeonekana, marumaru zingesubiri mpaka chanzo cha maji kijulikane.

Kisha usawa. Watu huchanganya usawa wa pima maji na unyoofu. Sebule inaweza kuinama kidogo kwa jumla na marumaru zisidhurike. Kinachozidhuru ni mabonde na vilima. Kwa marumaru yenye ubavu wa sentimita 38 kwenda juu, sakafu isipinde zaidi ya milimita 3 katika mita 3. Rula ya alumini ya mita 2 ilizungushwa chumba kizima, na kila bonde likachorewa duara la chaki lenye kina chake ndani. Karibu na mlango wa korido palikuwa na bonde la milimita 9, na katikati kilima cha milimita 4.

Kilima kilisagwa. Bonde lilijazwa kwa gundi ileile ya marumaru, kwa tabaka mbili, kila tabaka likiachwa siku nzima, kwa kuwa mfuko ulieleza kuwa gundi hiyo inaruhusu unene huo. Mchanga na saruji kwa unene wa chini ya sentimita 1 tusingeshauri: hukauka haraka kuliko unavyokomaa, kisha hubanduka. Jambo la kuepuka kabisa ni kusema bonde litazibwa wakati wa kubandika kwa kuongeza gundi chini ya marumaru. Gundi nene husinyaa na kuivuta marumaru chini. Leo pako sawa, baada ya siku tatu ncha ya jirani yake inakwaruza kidole.

Manunuzi, na asilimia 10 isiyotosha

Eneo ni mita za mraba 23.2. Marumaru moja ni 0.36. Kugawanya kunatoa kama 65, na ukiongeza asilimia 10 ya kuvunjika unapata 71. Boksi lina marumaru 4, kwa hiyo boksi 18. Ndivyo alivyoambiwa dukani, na zisingemtosha.

Sababu inaonekana ukichora. Kuacha milimita 6 kila ukuta kunabakiza upana wa milimita 4,288. Kwa spesa (vipande vya kutenganishia marumaru) za milimita 3, marumaru 7 nzima zinachukua 4,218. Pembeni panabaki kijipande cha milimita 67. Kijipande hicho ni kibaya kwa macho, huvunjika wakati wa kukata, na hakikai imara. Suluhisho ni kuondoa marumaru nzima moja: zibaki 6 katikati, na kila upande ukatwe kipande cha milimita 333. Kipande cha 333 kinazidi nusu ya marumaru, kwa hiyo haviwezi kutoka viwili kwenye moja. Safu moja ya upana inakula marumaru 8. Kwa urefu, milimita 5,388 zinachukua safu 8 nzima na moja ya milimita 564. Jumla 8 mara 9, marumaru 72, kabla hata moja haijavunjika. Zikanunuliwa boksi 19, yaani 76.

Somo hapa ni kuhesabu vipande kwenye mchoro, asilimia ifuate baadaye. Na boksi zote ziwe na namba moja ya toni na ya saizi, zile zilizopigwa muhuri ubavuni. Boksi la nyongeza likinunuliwa mwezi ujao linaweza kuwa na rangi iliyopishana kidogo, au marumaru zenye upana uliozidi milimita moja, na milimita moja kwenye nafasi ya milimita 3 inaonekana.

Kuhusu gundi, muuzaji alisema kile wanachosema wengi: "Mama, chukua saruji mifuko mitatu, gundi ni kupoteza hela." Akajibiwa: "Mwanangu, hiyo saruji ndiyo iliyonitoa sakafu. Niletee mfuko wa gundi nisome." Na kusoma mfuko ndiyo kazi. Herufi C1 maana yake gundi ya saruji yenye mshiko wa angalau nyutoni 0.5 kwa milimita ya mraba. C2 ni nyutoni 1, na ndiyo inayofaa poseleni. T ni isiyoteleza ukutani. E ni yenye muda mrefu wa kubaki wazi, angalau dakika 30 badala ya 20, na kwa joto la pwani ni msaada mkubwa. S1 ni inayokubali kupinda kidogo; kwa chumba kinachopigwa na jua hivi tuliona inastahili gharama yake. Kwa marumaru za saizi hii, pamoja na kupaka mgongo, kadiria kilo 6 kwa mita ya mraba: kilo 139, mifuko 7 ya kilo 20, na mmoja wa akiba.

Grauti, ile ya kujazia nafasi kati ya marumaru, ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nafasi ya milimita 3, kina cha milimita 10, marumaru za 60 kwa 60: kama kilo 0.16 kwa mita ya mraba, chini ya kilo 4 kwa sebule yote. Kilo 5 zinatosha na kubaki. Vingine ni mwiko wa meno, nyundo ya mpira, mashine ya kukatia ya mkono, klipu za kusawazishia na kabari zake (klipu 4 kwa marumaru moja), ndoo tatu na sponji nzuri.

Kuchora, kisha kubandika

Mistari miwili ya uzi wa chaki ilipigwa ikikatana katikati, na pembe yake ikahakikishwa kwa 3-4-5: mita 1.5 upande mmoja, 2 upande wa pili, na mshazari uwe 2.5 kamili. Ukuta haukutumika kama kipimo, na vizuri, kwa sababu ukuta mmoja mrefu ulikuwa umepinda milimita 15 kutoka mwanzo hadi mwisho. Upindaji huo uliingizwa kwenye vipande vya pembeni, vingine 333 na vingine pungufu kidogo, na jicho halioni. Ungeanza kupanga kwa kufuata ukuta, ungeonekana chumba kizima. Safu nzima zilianzia mlango wa kioo, ambako ndiko mtu anatazama, na safu ya 564 ikaenda ukuta wa makochi.

Gundi hukorogwa kwa kumimina unga kwenye maji, si maji kwenye unga, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko na kwa chombo chenye alama. Inakorogwa kwa drili ya mwendo mdogo, inaachwa dakika 5, inakorogwa tena. Zile dakika 5 ndizo polima inayeyuka ndani yake. Baada ya hapo usiongeze maji. Gundi iliyoanza kukaza ikilegezwa kwa maji itapakika vizuri na isishike.

Upande wa bapa wa mwiko unasukuma gundi ndani ya sakafu kwanza, tabaka jembamba. Kisha gundi inaongezwa na kuchanwa kwa meno, mistari yote ikielekea upande mmoja. Mistari ya duara, ambayo wengi huipenda kwa uzuri wake, inafungia hewa ndani. Mgongo wa marumaru nao unapakwa tabaka la milimita moja. Marumaru inawekwa, inasukumwa mbele na nyuma kwa kukatisha mistari, sentimita moja au mbili, mpaka matuta ya gundi yalale na kuungana. Nyundo ya mpira inakuja mwishoni, kwa kugonga kidogo. Haina kazi ya kushindilia marumaru iliyokataa.

Marumaru ya kwanza ikanyanyuliwa mara moja. Mgongo ulikuwa umeguswa kama asilimia 60, na pembe mbili zilikuwa kavu. Mwiko ulionunuliwa ulikuwa wa meno ya milimita 8, ambao unatosha marumaru za 30 kwa 30. Poseleni kubwa huwa na mpindo mdogo tangu kiwandani. Weka mbili uso kwa uso utaona mwanga unapita pembeni. Meno mafupi hayafiki huko. Ukanunuliwa wa meno ya milimita 12, na marumaru ya pili iliponyanyuliwa gundi ilikuwa imeenea karibu mgongo wote. Kwa sehemu kavu za ndani kinachotakiwa si chini ya asilimia 80, na pembe zote nne ziwe zimejaa. Bafuni na nje, asilimia 95. Tangu hapo kila marumaru ya tano ilinyanyuliwa, ikatazamwa, ikarudishwa na gundi mpya. Hakuna njia nyingine ya kujua.

Tatizo la pili lilikuja alasiri. Joto lilikuwa kali, pangaboi likawashwa, na gundi ilikuwa imetandazwa eneo la marumaru sita kwa mpigo. Ilipofikiwa ya nne, juu ya gundi palikuwa pameota ngozi: ukigusa kwa kidole hakitoki na kitu. Marumaru ingebandikwa hapo ingekaa vizuri kwa macho na kuachia baadaye. Gundi yote ikakwanguliwa na kutupwa. Dakika 30 za kwenye mfuko zimepimwa maabara kwa nyuzi 23, bila upepo. Sebule ya Kigamboni mwezi wa pili ni jambo jingine. Pangaboi likazimwa, pazia likafungwa, gundi ikawa inatandazwa ya marumaru mbili tu, na kazi ikahamia asubuhi.

Klipu zinasawazisha ncha na ncha wakati gundi bado laini. Ni msaada wa kweli kwa anayejifunza, lakini haziondoi bonde la sakafu. Zinaibeba marumaru juu ya hewa tu. Kabla ya kufunga siku, gundi iliyopanda kwenye nafasi za spesa iondolewe kwa kijiti, angalau theluthi mbili ya kina. Ikikauka humo, grauti inakuwa ngozi nyembamba inayopukutika.

Kukata: mipasuo iliyonyooka kwa mashine ya mkono, mchoro mmoja tu wa gurudumu kwa nguvu moja, kisha kuvunja. Kurudiarudia mchoro ndiko kunakotoa ukingo uliomeguka. Kona za fremu ya mlango ni grainda na kisahani cha almasi, na pale pembe ya ndani inapokutana toboa tundu kwanza. Pembe kali ya ndani huanzisha ufa.

Nafasi za pembeni

Baada ya saa 24 klipu zilipigwa teke kwa kufuata mstari wa nafasi, si kwa kuukatisha. Grauti ikakorogwa nzito kama siagi ya karanga, maji yakipimwa. Grauti yenye maji mengi hupauka na kutoa unga, na mabaka ya rangi ambayo watu hulaumu kiwandani mara nyingi yametokana na sponji iliyolowa chapachapa. Ikasukumwa kwa mwiko wa mpira kwa mshazari, ikaachwa ikaze kidogo, ikafutwa kwa sponji iliyokamuliwa.

Nafasi ya milimita 6 kandokando ya kuta zote ilibaki tupu. Haikuwekwa grauti wala gundi. Kilichodondokea humo kilifyonzwa kabla hakijakauka. Skating, ule ukanda wa chini ya ukuta, ilibandikwa ukutani peke yake, ikielea milimita 2 juu ya sakafu, na upenyo huo ukajazwa silikoni ya rangi ya grauti. Skating iliyogandishwa kote kuwili, ukutani na sakafuni, inarudisha tatizo lilelile kwa mlango wa nyuma.

Kwa ajili ya jua, nafasi moja inayokata upana wa chumba, mita 3 kutoka mlango wa kioo, baada ya safu ya tano, ilijazwa silikoni badala ya grauti. Mahali panapopigwa na jua, viungo laini vinapendekezwa kila mita 2.4 hadi 3.6. Mgeni haitambui.

Mlangoni mwa korido palibaki tofauti ya milimita 7, kwa sababu vidonge vya zamani vilikuwa vinene kuliko gundi. Ukanda wa alumini wenye mteremko uliwekwa chini ya ubao wa mlango, na chini yake pia pakaachwa nafasi. Usipojua unene mpya mapema, mlango ndio utakaokuambia, kwa kukwama au kuacha mwanya.

Bafu linalofuata

Mwenye nyumba anataka kuendelea na bafu, na hapo mambo matatu yanabadilika. Marumaru na grauti havizuii maji. Kizuia maji kinapakwa kabla, tabaka mbili zinazokatishana, kikipanda ukutani, na pembe zikiimarishwa kwa utepe wake. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa mita kuelekea kwenye tundu la maji unatengenezwa kwenye sakafu ya chini, kamwe si kwa gundi. Na kabla ya marumaru kugusa chochote, tundu linazibwa, maji yanajazwa na kuachwa saa 24, kimo kikiwa kimewekewa alama. Kimo kikishuka zaidi ya kinachoweza kukaushwa na hewa, bado kuna pa kupaka. Kwa anayejifunza, tungependa aanze na sebule kama alivyofanya huyu. Kosa la sebule linalia, la bafu linavuja kwenye ukuta wa chumba cha jirani.

Baada ya siku saba sakafu iligongwa yote kwa mpini ule ule wa bisibisi. Kona moja ndogo ya marumaru iliyo chini ya kabati la televisheni ililia utupu, eneo la kiganja. Ikawekewa alama kwenye mchoro na kuachwa, kwa kuwa kabati lina miguu mbali na hapo. Makochi yalirudi siku hiyo, yakibebwa bila kuburutwa. Marumaru mbili zilivunjika wakati wa kukata, mbili zimebaki. Zimewekwa stoo pamoja na kipande cha boksi chenye namba ya toni na ya saizi.